Anahesabu hadi 20 bila kukosea, ukimwomba vijiko vitatu anachota mkono mzima. Shida ni lugha au ni wazo?

Mwalimu_Nyalenda (Kisumu)

Walimu na wadau, hamjambo. Swali langu ni la PP1, darasa la kwanza la shule ya awali, watoto wa miaka minne na ushei. Wengi nyumbani wanasikia Dholuo, wachache Kinyore na Kimaragoli. Mtaani ni Kiswahili, na wazazi wanataka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mambo matatu yanajirudia kila wiki.

La kwanza, mtoto anaimba moja hadi ishirini bila kuruka hata moja. Umwambie "niletee vijiko vitatu", anachota mkono mzima. La pili, "jana" inatumika kwa kila kitu kisicho cha leo: "Jana tutaenda kwa dani", yaani kwa nyanya. La tatu, nikisema "Kabla ya kunywa uji, naweni mikono", nusu ya darasa wanakimbilia vikombe.

Wazazi wanasema lugha tatu zinawavuruga watoto akili, na limeletwa pendekezo kwamba Dholuo iishie langoni. Sitaki kukubali wala kukataa bila sababu. Haya ni makosa ya lugha, au ni mawazo ambayo hayajakomaa? Na nifanye nini darasani?

---

Mkufunzi_Kakamega

Mwalimu, nianze na hesabu, maana ndipo penye mengi.

Kabla ya kuamua kama ni lugha au ni wazo, muulize mtoto kwa lugha ya nyumbani. Weka mawe madogo kumi mbele yake, umwambie "Kelna kite adek", yaani "Niletee mawe matatu." Akileta matatu kwa Dholuo na akashindwa kwa Kiswahili, wazo la tatu analo, amekosa jina tu. Akishindwa kwa zote mbili, kumsahihisha neno hakutamsaidia. Jambo hili moja linatosha kuonyesha kwamba Dholuo ikifungiwa nje ya lango, wewe mwalimu ndiye utakayebaki bila kipimo.

Kipimo chenyewe kifanye hivi. Mtoto mmoja mmoja, pembeni, kwa sababu wakiwa wawili mmoja humtazama mwenzake. Bakuli la punje kumi za mahindi na sahani tupu. "Weka punje moja kwenye sahani." Akiweza, rudisha punje bakulini, omba mbili, kisha tatu. Akikosea, shuka hatua moja, halafu panda tena. Mhesabie kwamba anaijua namba akiipata mara mbili katika tatu, na pia asiitoe anapoombwa namba nyingine. Usimwambie "hesabu". Usitikise kichwa. Usilitazame bakuli, kwa sababu watoto husoma macho ya mwalimu kuliko tunavyodhani.

Utakachoona ni ngazi. Mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu huwa anajua moja, na zote zilizobaki kwake ni "nyingi". Miezi kadhaa baadaye anaishika mbili, kisha tatu, wengine hadi nne. Halafu siku moja anatambua kwamba neno la mwisho katika kuhesabu ndilo jibu la "ngapi?" Hiyo ndiyo hatua kubwa, na wengi huifikia kati ya miaka mitatu na nusu na minne na nusu, kutegemea mazoezi. Kabla ya hapo, moja hadi ishirini ni wimbo kama "a e i o u". Dalili ya kwamba hajafika ni hii: anahesabu vitu vitano vizuri, unamuuliza "Ni ngapi?", naye anaanza kuhesabu upya.

Ngazi hizi za chini mtoto huzipanda katika kila lugha peke yake. Anaweza kuwa kwenye tatu kwa Dholuo na kwenye moja kwa Kiswahili, na hilo si tatizo. Lakini ile hatua kubwa, akishaielewa kwa lugha moja, huhamia nyingine bila kufundishwa upya.

Sasa, Kiswahili kina mtego wake, na ombi lako la vijiko limeuingia. Mtoto akihesabu anasema moja, mbili, tatu. Lakini tukimwomba tunasema vijiko *viwili*, mawe *mawili*, watoto *wawili*, miti *miwili*, ndizi *mbili*. Sikio la mtoto wa miaka minne halioni undugu wowote kati ya "mbili" na "viwili". Kwa hiyo ulimpima namba na upatanisho wa ngeli kwa pamoja, na hujui ni kipi kilichomwangusha. Anza na vitu ambavyo namba yake haibadiliki: ndizi, chupa, kalamu, mbegu, punje. Ndizi mbili, ndizi tatu, vilevile anavyohesabu. Kaa hapo wiki mbili hivi. Ndipo uingie vijiko, vikombe na vifuniko vya soda, na baadaye mawe na majani. Usichanganye makundi mawili katika kipindi kimoja. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki popote pale. Nane hubadilika, na walimu wengi huisahau.

Unapofundisha, taja jumla kwanza, kisha hesabu, kisha taja jumla tena: "Hizi ni mbegu tatu. Moja, mbili, tatu. Mbegu tatu." Tukihesabu tu na kunyamaza, mtoto hudhani "tatu" ni jina la ile mbegu ya mwisho uliyoigusa. Fanya hivi na makundi ya viwili na vitatu, yale ambayo jicho lake linayashika mara moja, kabla ya kufika tano.

Na ukiwa na watoto wa Dholuo, utumie utajiri wao. Abich ni tano. Auchiel, sita, ndani yake unaisikia achiel, moja. Abiriyo, saba, ndani yake mna ariyo, mbili. Mkono mmoja na kidole kimoja, mkono mmoja na vidole viwili: lugha yenyewe imekwisha kuchora picha ya hesabu.

Jambo la mwisho. Huko Geneva miaka ya 1960, Hermine Sinclair, aliyefanya kazi na Piaget, mwanasaikolojia wa watoto, aliwafundisha watoto maneno yanayotumiwa na watoto waliokwisha kuelewa kwamba maji hayaongezeki kwa kumiminwa kwenye glasi nyembamba: "refu lakini jembamba", "zaidi", "pungufu". Maneno waliyashika. Wazo lenyewe liliwaingia wachache sana. Yalichosaidia maneno ni kuwaelekeza watazame upande gani wa glasi. Lisome hilo kila unaposhawishika kwamba kukaririsha kunatosha.

---

Usemi_Nakuru

Nami niongeze kwa upande wa tiba ya usemi, kwa ufupi.

Lugha nyingi hazicheleweshi usemi wala hazivurugi akili. Kinachotudanganya ni kipimo: tunahesabu maneno ya lugha moja na kusema mtoto yuko nyuma. Jumlisha lugha zote. Mtoto mwenye maneno 25 ya Dholuo na 30 ya Kiswahili ana maneno 55, hata kama "dhiang'" na "ng'ombe" ni mnyama mmoja. Kuchanganya lugha katika sentensi moja pia si kuchanganyikiwa. Watu wazima wa mtaa huo huo wanachanganya kutwa nzima, mtoto amejifunza kile anachosikia.

Tena sera iko upande wako, Mwalimu. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ya Kenya, lugha inayotawala eneo la shule ndiyo inayopendekezwa kufundishia miaka ya mwanzo ya msingi, na mtaala wa sasa umeendelea na msimamo huo hadi Gredi ya 3. Mjini kwenye mchanganyiko, Kiswahili huchukua nafasi hiyo. Pendekezo la kufungia Dholuo langoni halina msingi wa kitaalamu.

Wasiwasi uwe na haya, katika lugha yoyote ile:

– Miezi 12: haonyeshi kitu kwa kidole wala hapungi mkono kwaheri.
– Miezi 16: hana neno hata moja.
– Miaka miwili: haunganishi maneno mawili kama "maji kwisha" au "mama kuja".
– Umri wowote: amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Hili halisubiri mwezi ujao.

Hatua ya kwanza ni masikio, kila mara. Mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara husikia kama mtu aliyezama kwenye beseni. Viambishi vifupi kama *vi-*, *wa-*, *-li-*, *-ta-* ndivyo hupotea mwanzo, na mwalimu hudhani ni uzito wa akili. Kamwite kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake, mita mbili hivi, asione mdomo wako. Asipogeuka mara kadhaa, mpeleke kliniki ya masikio kwenye hospitali ya kaunti, au kituo cha EARC, vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu. Mwambie mzazi aje na kijitabu cha mama na mtoto, kinatuambia mengi.

---

Mwl_Mbale (Vihiga)

Nimesoma kwa makini. Mkufunzi, nakubaliana na ngazi na mtego wa "viwili", huo ni ukweli mtupu. Ila naomba nipinge jambo moja, lisije likachukuliwa vibaya: watu wakisikia "wazo kwanza, neno baadaye", wengine watakaa kimya wakisubiri wazo likomae kama ndizi kwenye majivu.

Mambo huenda pande zote mbili. Ni kweli watoto wa mwaka mmoja na nusu huanza kusema "imeisha" au "hayupo" karibu na wakati wanapoelewa kwamba kitu kilichofichwa bado kipo hata kikihamishwa wasione. Hapo wazo na neno vimetoka pamoja. Lakini pia mtoto akisikia vitu vitatu vinavyotofautiana kwa rangi na ukubwa vikiitwa kwa jina moja, anaanza kutafuta vimefanana wapi. Jina linampa kazi ya kufikiri. Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, aliliona hili vizuri katika kitabu chake cha 1934: maneno ambayo mtoto huyapokea kwa watu wengine ndiyo baadaye anayoyatumia kujiongoza mwenyewe.

Ndiyo maana nasikitika kuona PP1 inayonyamazishwa. Mtoto anayesema peke yake akipanga vifuniko, "hii hapa… si hii… nyekundu kwanza", yuko kazini. Kati ya miaka mitatu na saba minong'ono hiyo ndiyo breki na usukani wake. Jambo likiwa gumu, huongezeka. Ukimwambia "nyamaza ufanye kazi", umemnyang'anya chombo cha kazi. Sogea karibu usikilize, kwa sababu atakuambia alipokwama.

Sasa la "kabla". Mtoto wa miaka minne hufuata matukio kwa mpangilio anaoyasikia. "Kabla ya kunywa uji, naweni mikono": uji umetajwa kwanza, basi uji kwanza. Ili aelewe, inabidi ashike sehemu ya kwanza kichwani, azuie miguu yake, asubiri ya pili, kisha azigeuze. Huo ni mzigo wa kumbukumbu kuliko wa msamiati. Na tukisema "kabla hujanywa" tunamwongezea kitendo chenye sura ya kukana, ilhali hatukanushi kitu. Namna hiyo iache kabisa hadi Gredi ya 1.

Panda kwa utaratibu huu, wiki moja au mbili kila hatua:

1. "Naweni mikono, halafu mnywe uji."
2. "Baada ya kunawa mikono, mtakunywa uji." Neno ni jipya, mpangilio ni ule ule.
3. "Naweni mikono kabla ya kunywa uji." Kabla imeingia katikati, lakini kitendo cha kwanza bado kimetajwa kwanza.
4. "Kabla ya kunywa uji, naweni mikono." Wengi wataiweza vyema wakielekea miaka sita, kwa hiyo usiwalaumu.

Na usiwapime kwa uji. Kunawa ni desturi, mtoto atafaulu kwa mazoea bila kuelewa neno. Mpime kwa jambo lisilo na mpangilio wa kawaida: "Kabla ya kugusa pua, piga makofi." Hapo ndipo utajua.

---

Mwalimu_Nyalenda (Kisumu)

Asanteni sana, nimeandika yote. Bado "jana" haijaguswa. Na kuna mwenzangu wa Gredi ya 1 anauliza kuhusu "kitabu yangu", "kiti yako". Anasema watoto wa Dholuo hawawezi ngeli kwa kuwa lugha yao haina. Ni kweli?

---

Mkufunzi_Kakamega

Mwl_Mbale, nimekubali, na umesema vizuri kuliko mimi. Kuzungumza nao kuendelee wakati wote, ninachokataza ni kukaririsha.

Kuhusu jana: soma tena sentensi uliyoileta. "Jana *tuta*enda kwa dani." Kitendo kiko sawa! Mtoto amechagua *-ta-*, anajua safari bado haijafika. Alichokosa ni mpaka wa "jana" na "kesho". Kwa hiyo sikiliza kitendo kabla ya kielezi. Wengi wa umri huo wanajua "jana" haimaanishi leo, wanaanza kujua iko upande gani, na umbali wake, yaani siku moja kamili nyuma, hukamilika wakikaribia miaka saba. Mjibu kwa kumrudishia sentensi iliyonyooka: "Ndiyo, kesho tutaenda kwa dani." Ukimkatiza kwa "Si jana!" utasahihisha neno na kuua mazungumzo.

Chombo kinachofaa ni uzi wa siku. Kamba ya mita mbili ukutani, kwa urefu wa macho ya watoto, na vibanio vya nguo. Kipande cha kadibodi chekundu ni LEO. Kila asubuhi mtoto mmoja anakisogeza kulia nafasi moja. Wiki tatu za mwanzo tumia nafasi tatu tu: jana, leo, kesho. Juzi na kesho kutwa ziingie PP2. Kwenye kila nafasi wachore kitu walichofanya au watakachofanya *wao*: mvua iliyonyesha, ngozi ya ndizi, mchezo wa kamba. Uzi hufeli pale mwalimu anapochora matukio ambayo watoto hawakuwapo, au anapousogeza mwenyewe wakiwa nje. Kwa umbali, hesabu usingizi: "Mkilala mara moja, tutaenda."

Na tahadhari: usianzishe majina ya siku katika wiki ile ile unayofundisha tatu. Juma letu linahesabiwa kutoka Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku ya kwanza ya shule, na ina "tatu" ndani yake. Mtoto aliyeishika namba jana atauliza swali zuri sana ambalo hutakuwa na muda wa kulijibu. Saa nayo isubiri. Saa moja asubuhi ni hesabu safi inayoanzia jua linapotoka, lakini akrabu ya ukutani inaonyesha 7. Gredi ya 2 wataliweza hilo.

---

Usemi_Nakuru

Ngeli: si kweli kwamba hawawezi. Huko Lesotho, mtafiti wa lugha ya watoto Katherine Demuth aliwafuatilia watoto wanaojifunza Kisesotho, lugha ya Kibantu yenye ngeli kama Kiswahili, na kufikia karibu miaka mitatu viambishi hivyo walikuwa wakivitumia vizuri. Akili ya mtoto mdogo haioni ngeli kuwa mlima.

Tofauti ni kile kinachoingia sikioni. Mtoto wa Kisumu au Nakuru anasikia "kitabu yangu" kwa dereva wa matatu, kwa muuzaji dukani, mara nyingine kwa mwalimu mwenyewe jioni. Hawezi kuchomoa kanuni ambayo haimo. Na tofauti ya Dholuo isiyo na ngeli na Kinyore chenye ngeli itaonekana kidogo mwanzoni, halafu itafifia kadiri anavyosomewa. Dakika kumi za kusomewa hadithi kwa sauti kila siku, kwa Kiswahili kilichopatana, zitafanya kazi kuliko jedwali la ngeli. Jedwali linamhitaji mtu anayeweza kuitazama lugha kama kitu, na wa miaka sita bado anatazama kupitia kwayo, kama dirisha.

---

Gredi4_Bondo

Nisamehewe kwa kuingilia, swali langu ni la juu kidogo. Methali. Watoto wa miaka tisa na kumi wanakariri maana, ukibadilisha mfano wanapotea. Ukimuuliza "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji", mmoja amechora ndovu ndani ya mto.

---

Mwl_Mbale (Vihiga)

Karibu, ni mada ile ile. Aliyechora ndovu amekuwa mwaminifu kwa maneno aliyoyapata. Hamjui mgema, na "tembo" kwake ni mnyama. Huwezi kuvuka daraja ambalo upande mmoja haupo.

Kati ya miaka saba na tisa wengi bado wanaichukua methali kama ilivyosemwa. Kuanzia miaka tisa hadi kumi na moja wanaanza kuona jambo moja linasimama badala ya jingine. Kuchagua huja mapema kuliko kueleza, ndiyo maana swali "eleza maana" linawafanya waonekane hawajui kitu.

Kwenu Bondo, kando ya ziwa, anza na "Samaki mkunje angali mbichi." Hapo wana utaalamu kuliko mtoto wa Nairobi. Waulize kwanza samaki wa kweli: anayekausha kambare kwa moshi humkunja lini, na akijaribu kumkunja akishakauka itakuwaje? Watasema atavunjika. Usiseme neno juu ya malezi bado. Kisha chora safu tatu ubaoni: samaki, kukunja, kukauka. Chini ya kila safu waulize, kwa mtoto wa mtu, hiki ni nini? Wataanza na majibu ya ajabu, waache. Halafu wape visa viwili vifupi, kimoja cha kijana aliyefundishwa kazi mapema na kingine cha mtu aliyekosa basi kwa kuchelewa, wachague kipi kinalingana na samaki. Wakishachagua sawasawa katika visa vitatu tofauti, ndipo uombe waeleze kwa maneno yao.

Makosa ya kawaida ni kuandika maana ubaoni dakika ya kwanza. Wataikopi, wataifaulu, na kisa kipya kitawashinda. Mgema mwache hadi muhula wa tatu, ukishawaeleza kwamba tembo hapo ni pombe ya mnazi na mgema ndiye anayepanda kuigema.